Vifuniko Ishirini na Vinne

Vifuniko ishirini na vinne vilianguka kwa mpigo mmoja, na kimya kilichofuata kikawa kibaya kuliko kishindo chenyewe.

Makini alibaki amesimama mbele ya kabati la hewa safi, lile la maabara linalopuliza hewa iliyochujwa, mikono juu, kama mtu aliyeamriwa na askari asijongee. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Feni ya kabati ilipounguruma ghafla alishtuka, kiwiko kikaipiga trei, basi, imekwisha. Jambo la kufumba na kufumbua. Vifuniko vya plastiki alivyokuwa amevipanga safu kwa safu sasa vilikuwa chini ya meza, chini ya stuli, na kimoja kilibingirika mpaka mlangoni kikalala chali.

Utaniambia, vifuniko tu hivyo, si aviokote avirudishe. Sawa, aviokote. Avirudishe wapi? Hapo ndipo penye kazi. Juu ya meza kulikuwa na visahani ishirini na vinne vilivyo wazi, vyote sawasawa, kila kimoja na ile lishe iliyoganda ambayo watu wa maabara wanaiita uji. Kumi na viwili vilitiwa mafuta ya majani fulani, kidogo mno, huyaoni wala huyanusi. Kumi na viwili havikutiwa kitu. Vyote vilipandwa ukungu uleule, ule unaoota kwenye karanga zilizowekwa vibaya ukazigeuza sumu. Baada ya siku tano unahesabu: wapi ukungu umeota, wapi umeshindwa. Ndiyo kazi nzima. Na kipi kilikuwa na mafuta, kipi hakikuwa nayo, ilijua kalamu peke yake, na kalamu ilikuwa imeandika juu ya vifuniko, si kwingine.

Hilo sasa ndilo kosa, na lilikuwa na mwenyewe. Katika maabara ile hakukuwa na amri iliyorudiwa kuliko hiyo. Fundi wa maabara, mzee mwembamba mwenye funguo kiunoni, aliwapokea wanafunzi wanne wa sekondari siku ya kwanza kwa kuwainulia kisahani kimoja, akakigonga chini yake na kusema, "Andika tumboni, usiandike kofiani. Kofia huvuliwa. Kofia huazimwa. Tumbo la mtu ni lake." Aliisema asubuhi, akaisema mchana, akaisema wakati wa kuagana. Wiki haijaisha wale wanne walikuwa wameshambandika jina la Mzee Tumboni. Naye alijua, akajifanya hamnazo.

Makini, mmoja wa wale wanne, aliifuata amri hiyo wiki tano bila kuteleza. Ndiyo sababu akaitwa Makini, na jina lake la shule likabaki kwenye fomu. Lakini Jumatatu ile visahani vililetwa mezani uji haujashika vizuri, na kisahani cha uji mbichi ukikipindua umekimwaga. Akaandika juu ya vifuniko, kama walivyozoea shuleni kwao. Akajiambia, uji ukishika nitavipindua, nitanakili chini. Halafu akapanda ukungu, halafu akaitwa kusaidia kupima karanga, halafu ikawa saa ya kufunga, halafu ikawa Jumanne. Hizo "halafu" tunazijua sote.

Jumamosi alipovitoa kwenye kabati la joto la kuoteshea ukungu, vifuniko vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani, huoni kitu. Akavivua avipanguse kwa karatasi kavu. Vyote kwa pamoja. Mtu mwenye subira angevua kimoja, akapangusa, akarudisha, akavua kingine. Ila yeye alikuwa na hamu ya kuona, na hamu haijawahi kuwa na subira.

Na usidhani ilikuwa hamu ya bure. Chuo kikuu kile huchukua wanafunzi wanne tu wa sekondari kila likizo ndefu, kati ya mamia wanaojaza fomu, wakae wiki saba maabara wakijifunza utafiti. Mwisho wa wiki ya saba Profesa mwenye maabara huandika barua. Moja, si nne. Mwenye kuipata akimaliza shule anaingia chuo kikuu moja kwa moja, ada juu ya chuo, malazi juu ya chuo. Anayeikosa anarudi kwao na cheti cha mahudhurio. Mama yake Makini alikuwa fundi cherehani. Koti jeupe la maabara alilovaa binti lilikatwa kwenye shuka jipya la kitanda cha mama, na mama akasema shuka litanunuliwa lingine, koti kwanza. Bila barua ile, chuo kikuu kwa Makini kilikuwa majengo ya kupita kwa nje. Wote wawili walilijua hilo, ndiyo maana hawakulisema.

Basi aliviokota vifuniko. Akavikusanya: kumi na viwili vya "mafuta", kumi na viwili vya "bila". Akavitazama visahani. Kumi na kimoja vilikuwa safi kabisa. Kumi na viwili vilikuwa vimevaa ukungu wa kijani, mzito. Kimoja kilikuwa na doa dogo la ukubwa wa harage.

Akili ya mtu aliyebanwa ina hila zake. Yake ilimwambia: si tunasema mafuta yanazuia ukungu? Kwa hiyo vilivyo safi ndivyo vyenye mafuta. Ilimwambia hivyo kwa sauti ya upole, kama mwalimu. Mikono yake ikaanza kufunika. Safi, kifuniko cha mafuta. Kijani, kifuniko cha bila. Kile cha harage alikishika muda, akakizungusha, mwishowe akakipa cha mafuta. Alipomaliza, visahani vilikaa kwa utulivu mezani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hakuna aliyemwona. Angekuwapo mtu, hata wa kumcheka, mambo yangeisha papo hapo.

Saa nne na nusu aliingia mwenye jaribio lenyewe. Huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, dada wa miaka thelathini na kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja. Miaka sita alikuwa akiyafukuzia mafuta yale. Kila alipoulizwa atamaliza lini alijibu "kesho," mpaka jengo zima likamwita Dokta Kesho, na yeye mwenyewe akapokea simu kwa jina hilo. Majaribio yake matatu ya nyuma hayakukubaliana: la kwanza visahani sita kati ya kumi na viwili vilibaki safi, la pili tisa, la tatu vinne. Kamati ya kumtahini ikamwambia lete moja la mwisho, Ijumaa ijayo, mbele yetu. Likisimama, unapita. Lisiposimama, tunafunga jalada.

"Ngapi?" aliuliza kabla hajaweka mkoba chini.

"Kumi na kimoja," alisema Makini.

"Kati ya?"

"Kumi na viwili. Na vya bila mafuta vimeota vyote."

Dokta Kesho alivuta stuli akakaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyajali. Kisha akalivuta daftari la maabara, lile kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba, ambalo haliandikwi kwa penseli wala halifutwi. Kila ukurasa chini una mistari miwili: aliyehesabu na aliyeshuhudia. Makini alikuwa ameshasaini wa kwanza. Kwa taratibu, shahidi anatakiwa ahesabu upya kwa macho yake. Lakini Dokta Kesho tangu wiki ya pili alikuwa hahesabu nyuma ya Makini.

"Macho yako ni macho yangu," alisema kama kawaida yake, akasaini.

Makini alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo. Dokta Kesho akamkumbatia, na maneno yakarudi yalikotoka.

Jumapili alijiambia atasema Jumatatu. Jumatatu Profesa mwenyewe akapita maabara, mzee wa maneno machache na suruali fupi kidogo, akalisoma daftari amesimama. "Kumi na kimoja," alisema. "Sijapata kuona safi hivi." Kisha akamgeukia binti. "Wewe ndiye uliyepanda? Peke yako?" Akaitikia kwa kichwa. Profesa akaandika kitu kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Wale watatu wenziwe walitazamana. Mmoja wao, mvulana waliyemwita Swali kwa sababu hakuna alichoambiwa asikiulizie, aliuliza, "Mbona majaribio ya nyuma hayakutoka hivyo?"

"Kwa sababu hakuyafanya Makini," alisema Dokta Kesho, na watu wakacheka. Makini naye alicheka. 

Ngoma ikivuma sana hupasuka, yeye alilijua hilo, na sasa kila kitu kilimvumia masikioni. Kilichomtisha zaidi ni vile visahani vyenyewe. Vilikuwa kwenye jokofu, ndani ya boksi, na vyote tumbo tupu. Mtu yeyote akikipindua kimoja ataona hakuna maandishi. Jumanne akamkuta Mzee Tumboni ameinama mbele ya jokofu akilalamika kuwa watu wanahifadhi takataka kama urithi, na mkono wake uko juu ya boksi lilelile.

"Hivi vimeshahesabiwa?" aliuliza mzee.

"Vimehesabiwa, mzee. Vimesainiwa." Aliongea haraka mno. "Niachie mimi nivipeleke kwenye sufuria la mvuke. Wewe mgongo unakuuma."

Mzee aliunyoosha mgongo wake akamtazama.  Boksi lilikuwa kati yao, mkono wa mzee bado uko juu yake, kidole gumba kinapapasa ukingo wa kifuniko.

"Miaka ishirini na tisa niko humu ndani," alisema mzee. "Wanafunzi wananiachia vyombo kama kwa mama yao. Wewe ndiye wa kwanza kuuona mgongo wangu." Akampa boksi. "Umelelewa."

Alivipika visahani dakika zote zilizotakiwa kuua ukungu, akiusikiliza mvuke unavyopiga kelele. Vilitoka vimejikunja kama maganda. Akavitupa. Alirudi akanawa mikono mara mbili, na alipojiona kwenye kioo cha juu ya sinki hakupenda alichokiona. Jumamosi lilikuwa kosa. Hili la leo halikuwa kosa, alilifanya macho makavu.

Jumatano alirudi nyumbani mapema. Mama alikuwa kwenye cherehani mlangoni, mwanga wa jioni unamtosha, pini tatu mdomoni. Makini alikaa kwenye kigoda akaanza kukusanya vipande vya nyuzi sakafuni.

"Mama, ukiiunguza nguo ya mteja kwa pasi, unafanyaje?"

"Nimeunguza nguo ya nani?" Mama alisimamisha mguu.

"Hujaunguza. Nauliza tu."

"Usiniulize mambo ya kuunguza wakati nashona hariri." Mguu ukaendelea. Baada ya mshono mmoja mrefu alisema, pini bado zipo mdomoni, "Inategemea anaivaa lini."

"Kwa nini inategemea?"

"Kama anaivaa mwezi ujao, namwambia leo. Atanitukana, halafu tutatafuta kitambaa, nitashona nyingine. Nikikaa kimya mpaka siku ya shughuli yake, hapo sijaunguza nguo. Hapo nimemvua nguo mbele ya watu." Akakata uzi kwa meno. "Vipi barua?"

"Bado, mama."

"Itakuja. Niliota." Hakuwa ameota kitu. Alisema hivyo kila mara akitaka jambo liwe.

Makini alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa sketi. Jaribio linataka siku tano. Kamati ni Ijumaa. Leo Jumatano. Nguo ilikuwa imeshafika siku ya kuvaliwa. Na hapo, badala ya kuamka akasema, shetani alimpa neno lingine: kama umechelewa, kusema kuna faida gani? Maji yakimwagika hayazoleki. Utamharibia dada wa watu, utajiharibia mwenyewe, na visahani havipo tena. Alilala na hilo. Nasema alilala, lakini alikuwa amelala macho wazi.

Alhamisi mchana kulikuwa na mazoezi. Dokta Kesho alisimama mbele ya ubao kwenye chumba cha semina, viti vitupu isipokuwa kimoja cha mbele, alichokalia Makini na saa mkononi kumpimia dakika. Aliongea vizuri. Miaka sita ya kigugumizi ilikuwa imemtoka. Alipofika kwenye jaribio la nne alisimama sawasawa, mabega nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Alipomaliza alishuka, akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Profesa alitaka akupe kesho mbele ya watu. Nimemwomba nikupe mimi." Akaiweka mikononi mwake. Bahasha ya kahawia yenye nembo ya chuo, imefungwa, na kwa mbele jina lake, lile la kwenye fomu. "Nenda kampe mama yako aishike usiku huu. Alale nayo."

Makini aliishika. Ilikuwa nyepesi. Alifikiria uso wa mama. Alifikiria kwamba zimebaki siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, halafu likizo imekwisha, halafu hakuna atakayeuliza tena. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe imeshapikwa ikatupwa.

"Na bado hujasikia," Dokta Kesho aliendelea, akikunja nyaya. "Yule mwenye ghala la karanga anakuja kesho kusikiliza. Ghala linalolisha shule nzima ya bweni pale juu. Amesema kamati ikipitisha tu, anaacha kuchagua karanga kwa mkono. Anatia mafuta yetu, basi."

"Anaacha kuchagua?"

"Si ni kumi na kimoja kati ya kumi na viwili? Achague nini tena?"

Makini aliwaona. Hakuwajua, lakini aliwaona, watoto wa bweni na sahani zao, wanakula karanga zilizopitishwa na mikono yake siku ya Jumamosi.  Akaiweka bahasha juu ya meza.

"Dada, hii siwezi kuichukua."

"Acha unyenyekevu, mtoto. Umeipata kwa haki."

"Sikuipata kwa haki. Vifuniko vilianguka."

Dokta Kesho aliendelea kukunja waya mzunguko mmoja zaidi, kisha akaacha. Makini akasema yote. Uji mbichi, kalamu juu ya kofia, mvuke, feni, sakafu. Alivyovipanga kwa kubahatisha, na siyo hata kubahatisha, kwa kupenda.  

"Vilianguka lini?" aliuliza Dokta Kesho.

"Jumamosi. Saa nne."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Visahani viko wapi?"

"Nilivipika."

"Nani alikwambia uvipike?"

"Hakuna."

Dokta Kesho alikaa kwenye kiti cha karibu. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. "Kosa la kifuniko nililifanya mimi, mwaka wangu wa kwanza," alisema. "Mzee alinifokea nikaenda kulia chooni. Hilo ningekusamehe kabla hujamaliza kulisema. Ungeniambia Jumamosi, tungepanda jioni ileile, leo tungekuwa tunahesabu." Alinyoosha mkono wake akautazama, kidole kimoja kimoja, mpaka kile cha tano. "Hizi siku ulizokaa nazo hazikuwa zako. Zilikuwa zangu. Ndizo nilizokuwa nimebakiza."

 Makini alilia, lakini alijua kilio chake hakina kazi pale.

Walikwenda maabara pamoja. Dokta Kesho alilifungua daftari kwenye ukurasa ule, akampa kalamu. Humu hakifutwi kitu, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika sababu, unasaini. Makini alipiga mstari juu ya kumi na moja. Akaandika. Alipofika kwenye tarehe, kalamu ilisita.

"Andika mbili," alisema Dokta Kesho. "Ya kuanguka, na ya kusema."

Mzee Tumboni alikuwa kwenye sinki, amesikia yote. Alizima bomba. "Na mimi nikakusifu," alisema, akatoka nje na funguo zake.

Ijumaa kamati ilikaa saa nane. Wanafunzi wanne walikaa safu ya nyuma, mwenye ghala safu ya mbele. Dokta Kesho alieleza majaribio matatu ya nyuma, yale ya visahani sita, tisa na vinne, akanyamaza.

"Na la nne?" aliuliza Profesa. Alikuwa ameshaambiwa, lakini swali lilitakiwa liulizwe.

"Halipo. Alama zilichanganyika kabla ya kuhesabu. Nimeliondoa."

"Uzembe wa nani?" aliuliza mjumbe mmoja.

Makini alishika ukingo wa kiti ainuke.

"Wa meza yangu," alisema Dokta Kesho, bila kugeuka nyuma. "Shahidi nilikuwa mimi, na sikuhesabu."

Wajumbe walitoka nje wakajadili muda mrefu. Waliporudi walisema jalada hawalifungi, lakini halipiti. Arudi muhula ujao na jaribio la nne, na hiyo ndiyo iwe mara ya mwisho kweli. Mwenye ghala akasema basi yeye anaendelea kuchagua kwa mkono. Kisha Profesa akaita jina la mwenye barua. Alikuwa Swali. Makini alipiga makofi mpaka viganja vikamwaka, na akayapiga kwa haki, maana yule mvulana ndiye pekee aliyeuliza.

Jioni alimwambia mama, amesimama, kwa sababu hakuona kama anastahili kukaa. Mama aliweka mkasi chini. Alitia uzi kwenye sindano, akautoa.

"Uliambiwa useme, au ulisema mwenyewe?"

"Nilisema mwenyewe. Nilichelewa."

"Nimesikia kuwa ulichelewa." Macho ya mama yalikuwa yamejaa, akayageuzia dirishani. "Shuka langu lile nililipenda sana, ujue." Kisha akamsogezea sahani. "Kula. Na koti usilitupe."

Jumatatu wenziwe walishaondoka. Makini alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, koti limepigwa pasi, akasimama mlangoni. Mafunzo yalikuwa yamekwisha, hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Mzee Tumboni alimtazama kuanzia viatu. Hakumsalimia, lakini mlango aliuacha wazi.

Dokta Kesho alikuwa ameinamia mizani. "Uji nimeumimina," alisema bila kuinua kichwa. "Ngoja ushike."

Alingoja. Alikaa mbele ya visahani ishirini na vinne, vya mafuta kulia, vya bila kushoto, dakika arobaini, hakugusa kalamu. Uliposhika alivipindua, akaandika tumboni, kimoja kimoja, herufi kubwa. Walipanda bila mazungumzo. Siku tano zile alikuja kila asubuhi, akafagia, akaosha vyombo, akarudi kwao. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemwambia karibu.

Jumamosi walivitoa. Vifuniko vilikuwa na mvuke. Alivua kimoja, akapangusa, akarudisha, akavua cha pili. Safari hii hakujua jibu.

"Ngapi?" aliuliza Dokta Kesho.

"Vinane ni safi. Vinne vimeota."

"Vya bila mafuta?"

"Vimeota kumi na kimoja. Kimoja hakikuota, sijui kwa nini."

"Andika hivyohivyo. Na hilo la kutojua liandike."

Vinane. Si kumi na kimoja, lakini vilikuwa vinane vya kweli, na Makini aliona mabega ya dada yule yakishuka taratibu kama ya mtu aliyetua mzigo. Aliandika. Akasaini mstari wa aliyehesabu, akaligeuza daftari, akaweka kalamu juu yake.

Dokta Kesho aliichukua kalamu. Ncha ilifika kwenye karatasi, kwenye mstari wa aliyeshuhudia. Kisha akaiweka chini. Alivuta stuli, akavaa miwani yake ya gundi, akakivuta karibu kisahani cha kwanza. Akakipindua, akasoma tumbo lake, akakipindua tena, akatazama. Akakiweka kando, akachukua cha pili. Makini alisimama pembeni, mikono nyuma, akangoja. Dokta Kesho alivihesabu vyote, kimoja kimoja, mpaka cha ishirini na nne, ndipo akasaini.